Boga Kwenye Mashine ya Dokta Mansuri

SEHEMU YA TISA

Mlango ulifunguka, na aliyeingia alikuwa baba yake mzazi!

Uliyelikosa gazeti la Jumapili iliyopita, sogea karibu nikuweke sawa. Epifania Nizigiyimana, mtaalamu wa maabara wa Kituo cha Afya Rusenga na mkaguzi mpya wa watoa huduma binafsi za afya, alikuwa ameketi kwenye chumba cha nyuma ya duka la saruji, mjini Kibondo. Kichwani ushungi wa kuazima. Usoni miwani ya jua. Mkononi amebana fimbo ya chuma iliyounganishwa kwa waya na kompyuta. Jina alilojiandikisha ni Mama Firdausi, kutoka Kasulu. Alichokuwa anasubiri ni karatasi moja tu itoke kwenye printa ya Dokta Mansuri, aitie kwenye pochi, akaifungulie kesi.

Na sasa mzee Bazilio amesimama mlangoni, kofia kwapani, chupa kubwa ya maji mkononi.

"Epifania?"

Epifania akainamisha uso. Akaibana sauti puani. "Umenifananisha, baba. Naitwa Mama Firdausi."

"Mama Firdausi gani amevaa viatu nilivyonunua mimi?"

Dokta Mansuri akainua macho kutoka kwenye kompyuta. Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, mnene, mtanashati, koti jeupe limepigwa pasi hadi linasimama lenyewe, kalamu nne mfukoni. Alikuwa anatoka Kasulu kila Jumatano, siku nzima anapima watu, jioni anarudi kwake.

"Kumbe mnafahamiana?"

Epifania akajiandaa kwa kelele za baba yake. Lakini mzee Bazilio hakukasirika. Uso wake ulijaa huruma, kama mzazi aliyegundua mwanawe anaficha ugonjwa.

"Usione haya, mwana wanje, mwanangu," akasema kwa ile lugha yake inayochanganya Kiswahili na ya nyumbani. "Hata mimi mara ya kwanza nilikuja nimejifunika koti mpaka masikioni." Akamgeukia Mansuri. "Dokta, si ndiye huyu niliyekueleza? Binti yangu! Anapima damu za watu pale Rusenga. Wa serikali kabisa!"

Yameisha, akawaza Epifania. Akakaza miguu tayari kumkimbiza mtu. Maana matapeli wa aina hii wakisikia neno serikali hawangoji. Yule wa Murungu, wiki iliyopita, alipita dirishani akaacha hata soksi.

Mansuri hakukimbia. Alitabasamu. Akanyanyuka, akaufungua mlango mpaka mwisho, akawatazama watu thelathini waliokuwa kwenye foleni uani.

"Ndugu zangu! Kila wiki mnaniuliza, dokta, serikali inakutambua? Njooni mjionee! Huyu hapa ni mtaalamu wa maabara wa serikali. Kazini kwake kuna mashine tele. Kaziacha zote, kaja kupimwa kwa Mansuri!"

Makofi! Vigelegele! Simu zikainuliwa juu ya vichwa. Picha ikapigwa: Epifania kabana fimbo, mdomo wazi, miwani imeteleza hadi ncha ya pua, na baba yake kando, mkono begani kwa bintiye, anatabasamu kama siku ya mahafali.

Hazikupita dakika tano, simu ikaita. Alikuwa Daktari Ildefonsi, mganga mfawidhi wa Rusenga na kiongozi wa timu ya ukaguzi.

"Epifania, uko wapi?"

"Kazini, Daktari. Kwenye ule ukaguzi wetu."

"Naiona hiyo kazi. Imeingia kwenye kundi la kwaya ya mke wangu. Chini wameandika: Hata wataalamu wanatuamini."

"Daktari, naomba nikueleze..."

"Utanieleza kwa maandishi, kabla ya saa kumi. Na hiyo fimbo iachie!"

Epifania akatazama mkono wake. Kweli, alikuwa bado ameing'ang'ania.

Ndipo printa ikakohoa, ikatema karatasi. Mansuri, aliyekwisha kulewa makofi, akaidaka na kuanza kusoma kwa sauti ya mhubiri bila hata kuipitisha macho kwanza.

"Sikilizeni wenyewe! Ini limechoka kidogo. Zinki imepungua. Mgongo una hitilafu. Tezi dume imevim..."

Akanyamaza. Lakini alikuwa amechelewa.

"Tezi nini?" akauliza Mwajabu, muuza maboga na vitunguu sokoni, aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni na kapu lake miguuni.

"Tezi dume," akajibu mzee mmoja kule nyuma, kwa sauti ya mtu anayelifahamu vizuri tatizo hilo.

Ua mzima ukaangua kicheko. Epifania akapata nguvu, akasimama.

"Dokta Mansuri, mimi mwanamke nina tezi dume?"

Ukweli ni kwamba Mansuri alisahau kubadilisha taarifa za mgonjwa aliyetangulia, ambaye alikuwa fundi baiskeli mwenye ndevu. Angekuwa mtu mwingine angeishiwa maneno. Huyu hakuishiwa.

"Ni ya mumewe!" akasema. "Mume na mke ni mwili mmoja, ndugu zangu, na hiki ni kipimo cha mwili mzima!"

Wanakwaya wawili kwenye foleni wakatikisa vichwa kukubali, maana hata kanisani wameshalisikia hilo.

"Sijaolewa!" akafoka Epifania.

"Basi ni ya mume ajaye. Mashine hii inaona mbali."

"Mungu ni mwema!" akapaza sauti mzee Bazilio, mikono juu. "Kumbe yupo njiani!"

Kicheko kikamgeukia Epifania. Akauma meno. Alikuwa na miaka thelathini na minne, ana stashahada ya maabara, ana barua ya uteuzi yenye muhuri, na bado mtu mwenye kalamu nne mfukoni alikuwa anamshinda kwa mdomo tu.

Aliyemwokoa ni Mwajabu.

Mwanamke huyo hakuwa na ugomvi na Mansuri. Alikuwa amechoka kusimama tu. Akaliburuta kapu lake hadi ndani, akatoa boga lililokatwa katikati, jekundu ndani, mbegu zinateleza, akalibwaga mezani.

"Dokta, mimi kabla sijapima mwili wangu nataka kujua kitu kimoja. Mashine yako inaweza kumtofautisha mtu na boga?"

"Mama, hii ni sayansi, si mchezo."

"Na hili ni boga, si mchezo pia." Akaichukua fimbo kutoka mkononi mwa Epifania, akaichomeka katikati ya mbegu. "Pima!"

"Pima! Pima!" wakaitikia watu wa uani.

Mansuri akamtazama huyu, akamtazama yule. Watu thelathini walikuwa wameziba mlango. Akabonyeza. Mashine ikalia tii, tii, tii, kama kawaida yake. Dakika mbili. Printa ikakohoa.

Safari hii Epifania ndiye aliyewahi karatasi.

"Boga lina shinikizo la damu," akasoma polepole, kila neno na uzito wake. "Boga lina upungufu wa zinki. Mishipa ya moyo ya boga imeanza kuziba. Na tezi dume ya boga, ndugu zangu, imevimba kuliko yangu!"

Jamani! Kuna mwanamume alilala chini kwa kucheka. Wanakwaya walishikana. Mwajabu alilipapasa boga lake kwa masikitiko, anasema, "Pole, mwanangu, pole."

Sasa kwisha habari yake, utasema. Hata Epifania alisema hivyo moyoni, akatoa kwenye pochi fomu ya kufungia kituo, akafungua na kalamu.

"Mnacheka!" akapaza sauti Mansuri, kidole juu. "Chekeni! Lakini jiulizeni, boga hili limelimwa wapi? Limewekewa mbolea gani? Mashine imesoma sumu iliyomo ndani ya chakula chenu! Mnakula magonjwa, ndugu zangu, na hospitali hazijawahi kuwaambia!"

Kicheko kikapungua. Kikakatika. Mtu mmoja akasema, "Eti eeh?" Mwingine akauliza kama Jumatano ijayo anaweza kuleta mihogo yake ipimwe. Na yule mzee wa nyuma akataka kujua boga lenye sumu linasafishwa kwa dawa gani.

Epifania akabaki na kalamu hewani. Hakuamini masikio yake.

Hapo mzee Bazilio akaona ni zamu yake kutoa ushuhuda. Akamaliza maji ya kwenye chupa, akafuta mdomo, akapanda juu ya mfuko wa saruji ili aonekane.

"Mimi naitwa Bazilio, natoka Kitahana," akaanza. "Miaka saba hospitali wamenilisha vidonge vya sukari. Saba! Huyu kijana, ambaye kwangu ni sawa na mwanangu wa kumzaa, amenipima dakika mbili. Akaniambia, mzee, wewe huna sukari, una ini lililochoka. Akanipa majani ya kuchemsha. Leo ni wiki ya tatu sijagusa kidonge hata kimoja..."

"Baba, umesema nini?"

"...sijagusa hata kimoja! Na mnaniona nilivyo imara!"

Epifania alimwona. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile alimwona kweli. Suruali imekazwa kwa kamba. Mashavu yameingia ndani. Midomo mikavu imepasuka, na mtu ametoka kunywa chupa nzima ya maji sasa hivi.

"Baba, shuka hapo."

"Oya, hapana, sijamaliza." Mzee akaunyoosha mkono kuelekea kwa watu. "Nasema niko imara kama..."

Hakupata cha kujifananisha nacho. Magoti yalikunjika, macho yakageuka, na mzee Bazilio akaporomoka kutoka juu ya mfuko wa saruji mpaka mikononi mwa wanakwaya.

Hakuna aliyecheka.

Mansuri, uso umembadilika rangi, alifanya kitu pekee alichokijua. Akaichomoa fimbo kwenye boga na kuisogeza kiganjani mwa mzee.

"Weka chini hicho chuma!" Epifania alipiga ukelele ambao ulisikika hadi stendi. "Gari yako iko wapi?"

"Nje, lakini..."

"Washa!"

Watu wanne wakambeba mzee. Mwajabu akakaa mlangoni juu ya kapu lake, miguu kaitanua. "Nendeni," akasema. "Humu hakitoki kitu mpaka mrudi. Akijaribu mtu atanijua mimi ni nani."

Gari ya Mansuri ilikuwa Noah nyeupe, ubavuni imechorwa moyo, figo na nambari za simu, juu ya paa vipaza sauti viwili. Alipowasha tu, vikawaka navyo.

"KIPIMO CHA MWILI MZIMA! DAKIKA MBILI TU! USIFE NA UGONJWA USIOUJUA!"

"Zima hiyo!"

"Imeungwa na swichi ya gari, dada! Nikizima hiyo nazima na injini!"

Basi wakaenda nayo hivyo hivyo. Mji mzima ukasimama kutazama. Kwenye kiti cha nyuma Epifania kampakata baba yake, ushungi kauvua anampepea, anamwita. "Baba. Baba, nisikie. Baba, fumbua macho." Mzee anapumua haraka haraka, kwa kina, hajibu. Na juu ya paa sauti ya Mansuri mwenyewe, ya kurekodi, nono, yenye furaha, inawaalika watu wote wa Kibondo waje kujua afya zao.

Wakafika njia panda. Kulia ni Rusenga. Kushoto ni barabara ya Kasulu, lami tupu, na wakati huo hakuna askari hata mmoja.

Gari ikapunguza mwendo. Epifania akayaona macho ya Mansuri kwenye kioo cha ndani. Yalikuwa yanatazama kushoto.

Hakumtukana. Hakumtishia polisi.

"Mansuri," akasema, na lile neno dokta alikuwa amelitupa njiani. "Amesema wewe ni sawa na mwanawe wa kumzaa. Mbele ya watu wote wale."

Mansuri akafumba macho kidogo, kisha akakata usukani kulia kwa nguvu hadi kalamu mbili zikaruka kutoka mfukoni.

Daktari Ildefonsi alikuwa amesimama uani pale Rusenga, mrefu, miwani mikubwa, simu mkononi, ile picha bado anaitazama, wakati geti lilipofunguka na Noah kuingia kwa vishindo.

"USIFE NA UGONJWA USIOUJUA!"

"Epifania!" akafoka. "Yaani umewaleta mpaka hapa?"

Mlango wa gari ukavutwa. Akamwona mzee. Simu akaitia mfukoni na kukimbia kuchukua machela yeye mwenyewe.

Kwenye chumba cha dharura alikuwapo Aline, tabibu kijana mwenye mikono myepesi. Alimfunga mzee mpira wa dripu kabla hata hajauliza jina.

"Ni sukari," Epifania akamwambia. "Kaacha dawa wiki tatu. Mpime haraka."

"Stripu za kupimia sukari hakuna, dada Epi."

"Hakuna vipi?"

"Zimeisha tangu Jumatatu. Tulikuandikia barua ya maombi."

"Mimi? Iko wapi?"

Aline akainamisha macho. "Mezani kwako. Chini ya zile fomu zako za kukagua watu binafsi."

Lile lilimwingia Epifania kuliko tusi lolote. Wiki mbili nzima alikuwa anavaa ushungi na miwani kutafuta makosa ya watu nyuma ya maduka, na mlangoni pa maabara yake mwenyewe kabandika karatasi inayosema huduma zote zinapatikana. Lakini haukuwa wakati wa kujilaumu. Akavuta damu ya baba yake kwenye bomba la sindano, akakimbia nayo maabara, akaiingiza kwenye mashine kubwa. Ameshapima maelfu ya watu bila kumwaga tone. Leo kifuniko cha kichupa kilimponyoka mara mbili.

Sukari ilisoma thelathini na nne.

Mtu mzima mwenye afya hafiki nane. Akarudia. Thelathini na nne tena.

Sitakuchosha na habari za insulini na chupa za maji ya chumvi zilizoning'inizwa pale, chupa baada ya chupa. Inatosha ujue kwamba Daktari Ildefonsi hakutoka chumbani humo, Aline hakula mchana, na ilipofika saa tisa alasiri mzee Bazilio alifumbua macho, akatazama dari, akatazama mpira mkononi, akasema:

"Nina njaa."

Epifania akacheka na kulia kwa pamoja. Akavuta kiti.

"Baba, kwa nini? Dawa si nilikuwa nakuletea kila mwezi?"

"Ulikuwa unampa mtu wa bodaboda."

"Kazi, baba..."

"Ego, ndiyo, kazi. Najua." Mzee alisema bila hasira. "Nikija hapa kwenu, mwana wanje, nakaa kwenye benchi tangu alfajiri. Nikiingia, mtu ananichoma kidole anaandika, hanitazami usoni, ananiambia usile ugali. Sasa nile nini, mawe? Yule Mansuri aliniuliza shamba langu lina ukubwa gani. Aliniuliza mama yangu alikufa kwa ugonjwa gani. Nilikuwa sijaulizwa habari za mama tangu wewe hujazaliwa. Nikamwambia yote. Akasikiliza."

"Alikudanganya, baba."

"Alinidanganya vizuri," mzee akakubali. "Ninyi mlikuwa mnaniambia kweli vibaya."

 Epifania akakishika kiganja cha baba yake, kigumu kwa jembe. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, "Bibi alikufa kwa ugonjwa gani?"

Mzee akafumbua mdomo kumwambia. Lakini kishindo kikasikika nje, puu! kama gunia limeanguka.

Alikuwa Mansuri.

Tangu asubuhi alikuwa ameketi kwenye benchi la wagonjwa, mgambo pembeni yake, anangoja polisi. Sasa yuko chini, kashika kisogo.

"Kichwa," akalalamika. "Kichwa kinanipasuka. Na macho naona nyota."

"Anaigiza huyu," akasema mgambo.

Aline akamfunga mkono kipimo cha presha. Akatazama. Akafungua, akafunga tena. "Mia mbili na kumi kwa mia na ishirini na tano," akasema. "Haigizi."

Na kwa kuwa kitanda kilichokuwa wazi ni kimoja tu, Mansuri akalazwa kando ya mzee Bazilio. Wakatazamana, dokta na mgonjwa wake, kila mmoja na mpira wake mkononi.

"Dokta," akaanza mzee. "Wewe mwenyewe ile mashine hukujipima?"

"Nilijipima, mzee wangu. Kila Jumatano."

"Ikasemaje?"

Mansuri akageukia ukutani. "Ikasema nina upungufu wa zinki."

Kitanda cha mzee kikaanza kutikisika. Epifania akaruka akidhani ni degedege. Haikuwa degedege, alikuwa anacheka, machozi yanamtoka, mpaka Aline akaja kumkemea asing'oe sindano. Na kile kicheko, nakwambia, kilimfanya Mansuri alie. Alilia kama mtoto, akamwomba mzee msamaha kwa jina la wazazi wake wote wawili. Mzee akasema atalifikiria akishakula.

Daktari Ildefonsi akachungulia mlangoni. "Epifania."

Akatoka akijiandaa kwa lolote. Saa ya ukutani ilikuwa imebakiza dakika kumi kuwa saa kumi.

"Yale maelezo ya maandishi, achana nayo," akasema daktari. "Chumba cha nyuma ya saruji kimeshafungwa. Polisi wamemkuta yule mama na boga lake, wakataka kuliondoa, akawakatalia mpaka waandike kuwa ni ushahidi. Kesho asubuhi nataka stripu zipatikane hata kwa kuazima Kasulu. Na nataka kujua huyu bwana mashine alipewa na nani. Hawezi kuwa peke yake." Akavua koti, akaondoka kwa mwendo wa mtu aliyechoka.

Epifania akarudi kukaa kati ya vile vitanda viwili. Kidonge cha presha kilikuwa kimefanya kazi na Mansuri alikuwa anakoroma, mdomo wazi. Kwenye meza ndogo simu ya Mansuri ikaanza kutetemeka.

Jina kwenye kioo: MAMA MKUU KASULU.

Ikaita, ikakatika. Ikaita tena. Epifania akatazama huku na huku. Akaipokea, akaiweka sikioni, hakusema kitu. Alikohoa tu.

"We Mansuri! Mbona hupokei?" Ilikuwa sauti ya mwanamke, ya haraka, yenye lafudhi ya pwani.

"Mm," akaguna Epifania.

"Habari za boga nimezipata, zisikunyime usingizi. Vyumba vya nyuma ya maduka sasa basi, tumekua. Kesho saa nne naingia Kibondo na mashine sita mpya. Tunazifunga ndani ya Kituo cha Afya Rusenga, chumba kinachotazamana na maabara. Kihalali kabisa! Karatasi imeshasainiwa."

Epifania akageuza shingo dirishani. Ng'ambo ya ua, mkabala na maabara yake, kulikuwa na chumba kilichofungwa mwaka mzima. Fundi alikuwa amepiga magoti anapaka mlango rangi ya bluu. Ameshamaliza nusu.

Akajisahau.

"Imesainiwa na nani?"

Simu ikakwaruza. 

"Mansuri," yule mwanamke akasema taratibu. "Mbona leo sauti yako nyembamba?"

 Epifania akamtazama Mansuri. Anakoroma. Akatazama simu. Akakohoa tena.

Ndipo mkono mgumu wenye mpira wa dripu ukanyooka kutoka kitandani na kumpokonya ile simu. Mzee Bazilio, shemasi wa kanisa kwa miaka ishirini, mtu ambaye hajawahi kusema uongo kanisani wala sokoni, akaiweka sikioni mwake.

"Mafua," akasema kwa sauti nzito. "Haya, sema. Kasaini nani?"

Yule mwanamke akacheka kicheko cha kuridhika, akataja jina.

Epifania hakulisikia. Aliuona uso wa baba yake tu, na aliona jinsi kile kicheko cha alasiri kilivyofutika usoni pale chote. Mzee akaishusha simu polepole, akaificha chini ya shuka. Akamtazama binti yake, kisha akautazama mlango wa wodi ambako viatu vya mtu vilikuwa vinasikika vikija.

"Mwana wanje," akanong'ona, "funga huo mlango. Na ufunguo utoe."